Dhahabu ya Uluguru ni ya Mti

Mtu akitaja hazina ya kale ya taifa, mawazo ya wengi wetu hukimbilia dhahabu. Hatuwalaumu wanaofikiri hivyo. Mwaka 1874 majeshi ya Waingereza yaliingia Kumasi, mji wa mfalme wa Waasante katika nchi ambayo leo ni Ghana, yakapora jumba la mfalme na kuuchoma mji. Mwaka 2024, baada ya miaka 150, vipande 32 vya hazina za Waasante, ambavyo vingi vyake vilitekwa katika vita hivyo na vingine vilivyofuata, vilirudishwa Kumasi kutoka majumba mawili ya makumbusho ya London, vikaonyeshwa katika jumba la Manhyia. Watu walikwenda kutazama mali ya babu zao. Kushangilia kwao hakukutushangaza. Kilichotushangaza ni masharti: vyombo hivyo vilitolewa kwa muda wa miaka mitatu, kwa kuwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1963 hairuhusu jumba la makumbusho la Waingereza kutoa moja kwa moja vitu vilivyomo. Mwenye mali ameazimwa mali yake, na ametakiwa atie sahihi.

Habari hiyo ilizungumzwa sana hapa Morogoro, na tulimsikia msomaji mmoja akisema, kwa masikitiko ya kweli, kwamba sisi hatuna haja ya kugombana na mtu, maana hatukuwa na dhahabu ya kuibiwa. Maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tushike kalamu leo.

Kwamba Tanzania ilijua dhahabu tangu kale, Kilwa ni shahidi. Dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwa wafanyabiashara wake, na masultani wake walipiga sarafu kwa majina yao wenyewe, hata za dhahabu, kabla Mreno hajaonekana katika bahari hii. Lakini hayo ni mambo ya pwani. Milima ya Uluguru haikuwa na jumba la sultani wa dhahabu. Wajerumani walipokuja walichimba ulanga katika milima hii, wakaupima kwa mizani na kuuandika katika madaftari yao, na siku hizi watu huchimba rubi huko Matombo. Vitu hivyo vina bei, na kila mtu ajua kuvilinda. Hazina ambayo tunataka kuisema leo haikupimwa kwa mizani yoyote wakati wa kutoka. Ilitoka mikononi mwa watu, ndani ya mizigo, na mara nyingi kwa furaha ya wenyewe.

Hazina hiyo ni ya mti. Waluguru, pamoja na jirani zao Wakwere, Wazaramo, Wakutu na Wakaguru, walikuwa na mafundi wa kuchonga ambao kazi yao leo huwekwa katika makabati ya vioo, chini ya taa, katika miji mikubwa ya dunia. Walichonga vigoda vyenye mgongo mrefu, ambao juu yake umekatwa kichwa na matiti ya mwanamke, kiasi kwamba mkuu wa ukoo akikaa alikuwa kama ameegemea kifua cha mama wa ukoo wake. Walichonga bakora za wazee, vizibo vya tunguri za waganga na shingo za mazeze. Na walichonga mwana hiti.

Msomaji ambaye hakulelewa upande huu pengine hamjui mwana hiti, na hatuoni vibaya kumweleza kwa kadiri ya adabu. Ni kijisanamu cha mti, kirefu kama kiganja cha mtu mzima au kupita kidogo, kisicho na mikono wala miguu. Kiwiliwili chake ni kama gogo dogo lililolainishwa. Kina matiti, kina kitovu, na kichwani kina nywele zilizosimama kwa mikunjo miwili, pengine zimepambwa kwa ushanga. Mwali alipokuwa ndani alikabidhiwa mwana huyo amtunze, amwogeshe, ampake mafuta, amtengeneze nywele, kama atakavyomfanyia mtoto wake mwenyewe siku za mbele. Aliyemtupa au kumsahau alihofiwa kuwa tasa. Katika nchi ambayo ukoo hufuata upande wa mama, hilo halikuwa jambo dogo. Mwana hiti alikuwa ahadi ya ukoo kwamba utaendelea. Na tazama jinsi fundi alivyofanya kazi yake: kwa kuacha mikono, miguu na hata uso, alibakiza yale tu aliyotaka yasemwe. Wataalamu wa Ulaya hutumia kurasa nyingi kusifu ustadi huo. Bibi zetu waliujua bila kurasa.

Vitu hivyo viko wapi? Mwaka 1994 lilifanyika Ujerumani, katika miji ya Berlin na Munich, onyesho kubwa la sanaa za kuchonga za Tanzania, na kitabu chake kikapewa jina la Kiswahili pia: Sanaa za Mabingwa wa Kiafrika. Mwaka 2013 lilifanyika lingine Marekani, kwanza New York, kisha Portland katika jimbo la Maine, nalo likaitwa kwa Kiswahili, Shangaa. Mwishoni mwa mwaka 2024 likafunguliwa jingine mjini Berlin, katika jumba la Humboldt Forum, juu ya historia za Tanzania, na safari hii wataalamu wa Makumbusho yetu ya Taifa walishiriki kulitayarisha, jambo ambalo tunalipongeza. Basi katika miaka thelathini lugha yetu imepanda ukutani kwa heshima katika miji mitatu minne ya ng'ambo. Hatuna budi kuuliza, bila hasira, ni mtoto gani wa Kinole, au wa Mgeta, au wa Kiroka, aliyeshangaa pamoja na watu wa New York.

Hapa tungeweza kuwalaumu Wajerumani tukanyamaza. Ni kweli kwamba katika vita na baada ya vita walichukua. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea tarehe 1 Novemba 2023, mbele ya makaburi ya mashujaa wa Maji Maji, akaomba msamaha. Jambo hilo linaendelea, na wanaoshughulika nalo waendelee. Lakini haki yataka tuseme na upande wetu, kwa sababu si kila kilichotoka Uluguru kilitoka kwa bunduki.

Sisi tunaoandika haya tulisomeshwa na misheni, na hatukani fadhila zake. Kusoma kwetu, kuhesabu kwetu, na hata Kiswahili hiki tunachokiandika, tulivipata katika madawati yale. Lakini pamoja na hayo tulifundishwa kucheka. Kitu cha mti chenye kichwa kiliitwa sanamu, na sanamu ilikuwa na amri yake katika Katekismu. Wenzetu waliosoma chuoni kwa masheikh walifunzwa neno hilo hilo kwa lugha nyingine. Hakuna aliyetuambia kwamba mwana hiti hakuabudiwa kamwe, bali alilelewa. Na jambo la ajabu ni hili: mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, ambao Wadachi wao walifanya kazi miaka mingi katika milima hii, ndio walioanzisha kwao Uholanzi, huko Berg en Dal, mwaka 1954, jumba la makumbusho la vitu vya Afrika vilivyokusanywa katika nchi za misheni. Yaani kile ambacho Mkristo mpya wa Afrika alifundishwa kukiona uchafu, Mkristo wa zamani wa Ulaya alilipa kiingilio kwenda kukitazama. Hatusemi haya kwa kumsimanga mtu. Mapadre wengine walipenda kwa kweli mambo ya watu waliowahudumia. Padri David Clement, huko Bujora karibu na Mwanza, alikusanya ngoma na viti vya machifu wa Kisukuma akaviwekea nyumba pale pale Usukumani, ambapo Wasukuma wenyewe huviona hata leo. Imani ilikuwa moja. Tofauti ilikuwa mahali nyumba ilipojengwa.

Na kwa kuwa tumeanza kujitaja, tumalize. Siku moja, tukiwa wanafunzi wa sekondari tuliorudi likizo katika kijiji kimoja cha mlimani, alikuja mtu mwenye mfuko akiulizia vitu vya kizamani. Alikuwa Mwafrika kama sisi, mpole, mwenye salamu nyingi. Mjomba wetu aliingia ndani akatoka na mwana hiti wa bibi, amefungwa katika kitambaa cheusi. Yule mtu alimgeuza mara mbili, akatoa shilingi 5,000, akaondoka kabla jua halijapanda. Bibi aliporudi kutoka shambani alikuta kitambaa juu ya mkeka. Aliuliza, "Mmemuuza mwana?" Mjomba akajibu, "Mama, kilikuwa kipande cha mti tu." Sisi tulikuwapo. Sisi ndio tuliokuwa na elimu katika nyumba ile, na tulicheka pamoja na mjomba. Bibi hakugombana na mtu. Alikikunja kile kitambaa akakirudisha sandukuni, na miaka yote aliyoishi baada ya siku hiyo hatukumsikia akilitaja jambo hilo.

Ndugu mfanyakazi atauliza lina faida gani kwake, yeye anayeamka alfajiri kwenda kiwandani au katika shamba la mkonge. Twamjibu hivi. Vitu hivi ni kazi ya mikono. Palikuwa na mtu aliyeuchagua mti, akaukausha, akaukata kwa tezo na kuulainisha siku nyingi. Nenda leo katika jumba lolote la Ulaya lenye kigoda cha Uluguru, usome kibao kilicho chini yake. Mara nyingi utakuta jina la aliyekinunua, jina la aliyekitoa zawadi, mwaka kilipoingia nyumbani humo, na pengine jina la kabila kwa kubahatisha, Wazaramo au Wakwere au Waluguru. Jina la fundi halimo. Kila aliyekishika kigoda kile ameandikwa isipokuwa aliyekifanya. Mwanachama wa chama cha wafanyakazi asiyeliona dhuluma hilo, sisi hatujui ataliona lipi.

Wako wanaosema kwamba vitu hivyo afadhali vibaki huko, kwa sababu huko havilki na mchwa. Hoja hii haina budi kujibiwa kwa heshima, maana mchwa ni kweli, na mvua za Uluguru ni kweli. Morogoro imekwisha kupoteza hazina kwa maji. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akiwa njiani kumtafuta Livingstone, alipita chini ya milima hii akaukuta mji wa Simbamwene, uliojengwa na Kisabengo na wakati huo ukiwa chini ya binti yake. Aliandika habari za ukuta wake, minara ya mawe katika pembe zake, malango yake manne, na milango ya mbao ngumu iliyochongwa nakshi za ufundi mwingi hata akadhani imetengenezwa pwani. Mwaka uliofuata gharika ikashuka na mto Ngerengere, na Stanley aliporudi kwa njia hiyo hiyo alikuta sehemu ya mji imechukuliwa. Milango ile leo imebaki katika kitabu cha mgeni tu. Basi hatujifanyi kwamba kitu kikiwa kwetu kimeokoka. Lakini jibu la mchwa ni kabati na dawa, na jibu la mvua ni bati. Hayo si mambo yaliyo nje ya uwezo wa mkoa wenye vyuo vikuu, viwanda na reli.

Iringa wamefanya. Boma la Wajerumani tangu mwaka 2016 ni makumbusho ya mkoa, na Chuo Kikuu cha Iringa kilisaidia kazi hiyo. Kalenga nako, fuvu la Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954 lina nyumba yake, na mtoto wa Kihehe hana haja ya kupanda ndege ili ajue babu yake alikuwa nani. Mji wetu nao una majengo ya Wajerumani. Una soko jipya kubwa, lililofunguliwa mwaka 2021, ambalo limepewa jina la Chifu Kingalu. Na ni jambo jema kwamba jina la mwenye mvua wa Kinole halikufutika pamoja na vyeo vya machifu vilivyoondolewa mwaka 1963. Lakini mwuza nyanya aliye chini ya jina hilo akiulizwa na mwanawe Kingalu alikalia kigoda cha namna gani, atamwonyesha nini?

Kwa hiyo tunataka onyesho, na tunalitaka hapa. Lisingoje jengo kubwa. Chumba kimoja imara, chenye kufuli mbili na mtunzaji anayelipwa mshahara wake kila mwezi, kitatosha kuanza. Vitu viazimwe kutoka kwa koo zenyewe, kwa maandishi, na vibaki mali ya koo. Pawepo kigoda, pawepo zeze, pawepo jembe pia. Maana mwaka 1955 watu wa milima hii walikataa kulimishwa matuta kwa amri ya Serikali ya kikoloni hata polisi wakaletwa, na jembe la mkulima yule lina haki ya kuwekwa karibu na bakora ya chifu wake. Mafundi walio hai waitwe wachonge mbele ya watu, walipwe, na majina yao yaandikwe kwa herufi kubwa kuliko za mgeni rasmi.

Makumbusho ya Taifa nayo tunaiomba jambo moja. Inapozungumza na Berlin juu ya kuazima au kurudisha, isiandike Dar es Salaam peke yake katika barua zake. Jumba la Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 1940 kwa jina la mfalme wa Waingereza, limefanya kazi kubwa, na hatutaki kulipunguzia kitu. Lakini kitu cha mlimani kikiishia Dar es Salaam, mwenye kitu bado ana safari. Reli ya Wajerumani ilifika Morogoro mwaka 1907, na mizigo mingi ikateremka nayo kwenda baharini. Tangu Juni 2024 treni ya umeme hutoka Dar es Salaam na kufika hapa kwa muda usiozidi saa mbili. Sanduku moja la mbao halitailemea.

Juu ya mwana hiti tuna neno la peke yake, na hapa tunajua kwamba baadhi ya wanachama hawatakubaliana nasi. Hatutaki awekwe katika onyesho mpaka akina mama wa koo na makungwi wamekaa wakakubali, wao wenyewe, bila katibu wala diwani wala mhariri kuwasemea. Alikuwa mambo ya ndani. Watu wa Berlin hawakuuliza, na watu wa New York hawakuwa na wa kumwuliza. Sisi tunaye, yuko hapa Mkuyuni na Tawa, na baadhi yao wana umri wa kutongoja bajeti nyingine. Wakisema aonyeshwe, aonyeshwe kwa maneno watakayoyachagua wao. Wakisema asionyeshwe, basi katika kabati lake pawekwe kitambaa cheusi kilichokunjwa, na mgeni aambiwe ni nani hayupo.

Tumalize kwa jambo la haraka. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza vitu vya kale na vya mila, na hata milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1940, kupelekwa nje ya nchi bila kibali. Watu wenye mifuko bado wapo, na wengine sasa hutuma picha kwa simu kabla ya kuja wenyewe. Mwanachama atakayemwona mtu wa namna hiyo kijijini amwulize kibali chake mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na akikosa, apelekwe polisi. Wasomaji ambao bado wana vigoda, bakora, mazeze au wana wa bibi zao tunawaomba watuandikie. Wasitutumie vitu vyenyewe, wala picha. Watuambie ni kitu gani, kilifanywa na nani ikiwa jina lake linakumbukwa, na kilirithiwa kwa nani. Jina la kijiji na la mwenye nyumba hatutalichapa, ili gazeti hili lisije likawa ramani ya wezi.